Kusoma lebo ya krimu: kemia ya lazima kwa fundi wa ngozi

Fundi wa ngozi anayefanya kazi Nyawera, Kadutu au Bagira hufanya kemia kutwa nzima, hata kama hajawahi kuingia maabara. Husafisha uso wa mteja kwa sabuni, humpaka losheni, humshauri krimu ya kununua. Mazungumzo yake na mteja ni ya Kiswahili, lakini lebo ya kopo imeandikwa Kifaransa au Kiingereza, na majina ya kemikali zilizomo ni magumu hata kwa mwenye lugha hizo. Katika pengo hilo ndipo ngozi za watu huharibika. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si mkemia. Hata hivyo, kuvusha maana kutoka lebo hadi Kiswahili ni kazi yetu pia. Hapa naeleza mambo manne ambayo fundi hawezi kuyakwepa: asidi na besi, mafuta na maji, kiasi, na mmenyuko.

Tuanze na asidi na besi. Kitu kichachu kama ndimu ni asidi. Maji ya majivu, yanayoteleza kati ya vidole, ni besi. Mwaka 1909 mkemia wa Denmaki, Søren Sørensen, aliweka kipimo cha kulinganisha vitu hivyo, nacho ndicho pH tunayoiona kwenye makopo. Kwa kawaida kinahesabiwa kuanzia 0 hadi 14. Maji safi yako katikati, kwenye 7. Chini ya hapo ni asidi, juu ya hapo ni besi. Ndimu ina pH ya karibu 2. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana karibu 9, kwa hiyo ni besi kidogo. Jambo la kushika ni kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi. Kutoka 5 hadi 9 ni hatua nne, yaani tofauti ya mara 10,000.

Ngozi ya mtu mzima mwenye afya ni ya asidi kidogo, kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Asidi hiyo huisaidia kuzuia vijidudu na kutunza mafuta yake. Sabuni ya kawaida ina pH ya 9 au 10, ndiyo maana uso hukaza baada ya kuoshwa. Ngozi nzima hurudi katika hali yake baada ya saa chache; ngozi iliyochubuka hupata shida. Wengine hufikiri kwamba dawa ya besi ni ndimu, kwa kuwa ni asidi. Ndimu imepita kiasi cha ngozi kwa mbali, tena juisi yake ikipigwa na jua juu ya ngozi inaweza kuunguza na kuacha mabaka.

Jambo la pili ni mafuta na maji. Ukichemsha mawese na soda kostiki unapata vitu viwili vipya: sabuni na gliserini. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia hushika uchafu wenye mafuta, kichwa hufuata maji, na uchafu huondoka. Haja ya mafuta ya kutengenezea sabuni iliwahi kubadili historia ya nchi hii: mwaka 1911 William Lever, mtengenezaji sabuni wa Uingereza, alipata maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo ya Kibelgiji.

Sabuni halisi haiwezi kuwa na pH ya 5.5, kwa sababu ukiitia asidi huvunjika na kurudi kuwa asidi za mafuta. Kipande kilichoandikwa “pH 5,5” kimetengenezwa kwa visafishio vingine, ingawa dukani kinaitwa sabuni. Losheni nayo ni mafuta na maji yaliyopatanishwa na molekuli zenye kichwa na mkia. Na palipo na maji, vijidudu huota. Kwa hiyo losheni hutiwa kihifadhi, na losheni iliyotengenezwa nyumbani bila kihifadhi huharibika upesi.

Jambo la tatu ni kiasi. Asilimia 2 maana yake ni gramu 2 katika kila gramu 100. Tyubu ya gramu 50 itakuwa na gramu 1 ya kemikali hiyo. Lakini namba peke yake haionyeshi nguvu. Kuna krimu za dawa zenye klobetasoli, aina ya kotikosteroidi, kwa asilimia 0.05 tu, yaani miligramu 25 katika tyubu ya gramu 50. Msomaji wa haraka atasema ni kidogo mno. Kumbe ni miongoni mwa kotikosteroidi kali kuliko zote za kupaka. Hidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo namba yake ni kubwa mara ishirini, ni dhaifu mbele yake. Ikipakwa miezi mingi bila daktari, ngozi huwa nyembamba, hupasuka michirizi, na kidonda hukawia kupona.

Kwa hiyo mchanganyiko wa krimu mbili tatu, ule ambao Dar es Salaam wanauita mkorogo, ni hatari hata pale ambapo kila kopo linajulikana. Baada ya kukoroga, hakuna anayeweza kusema mteja amepaka kiasi gani cha nini. Lebo zote zimekuwa uongo kwa pamoja.

Jambo la nne ni mmenyuko: vitu vinakutana, kinatoka kitu kipya. Rangi ya ngozi yetu hutokana na melanini, ambayo mwili huitengeneza kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tirosinasi. Hidrokinoni huzuia kimeng'enya hicho, na ngozi hupauka. Kemikali hiyo hiyo humenyuka kwa urahisi na oksijeni ya hewa. Krimu iliyokuwa nyeupe ikageuka kahawia kopo likiwa wazi imekwisha badilika. Kwa watu waliopaka miaka mingi huku wakipigwa na jua, matokeo yanaweza kugeuka kinyume: mabaka ya buluu iliyoiva hadi weusi, hasa mashavuni, ambayo ni magumu sana kuyaondoa. Madaktari huyaita okronosisi.

Jina hili lina undugu na mji wetu. Bukavu ina kiwanda cha Pharmakina, kinachotoa kwinini katika magome ya mti wa sinkona. Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga kwinini mwaka 1820. Katika magome hayo hayo kuna pia asidi, na kutokana nayo wakemia wa karne ya 19 walipata kinoni na hidrokinoni. Majina yote yametoka kwenye neno moja la Amerika ya Kusini lenye maana ya gome. Lakini undugu wa majina si undugu wa kazi. Kwinini ni dawa ya malaria. Hidrokinoni ni molekuli tofauti kabisa, na mtu asiitegemee kuwa salama kwa sababu jina lake linafanana na la dawa anayoifahamu.

Zebaki ni habari nyingine. Hidrokinoni ni molekuli, huweza kuvunjwa. Zebaki ni elementi, haivunjiki. Chumvi zake pia huzuia melanini, ndiyo sababu hutiwa katika baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha. Hupenya ngozi, hudhuru figo, na huweza kumfikia mtoto kwa taulo, shuka au mikono ya mama. Kwenye lebo inaweza kuandikwa “mercure”, “calomel”, “mercurous chloride” au “Hg”. Mara nyingi haiandikwi kabisa. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mpaka wa sehemu 1 katika milioni kwa vipodozi, yaani miligramu 1 katika kilo nzima. Nchi kadhaa zimechukua hatua pia dhidi ya hidrokinoni. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990, na ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilianza msako wa krimu za kuchubua mwishoni mwa 2018. Bidhaa inayofukuzwa upande mmoja wa mpaka hutafuta soko upande mwingine, na soko la karibu ni letu.

Fundi afanye nini basi? Asipake kopo lisilo na orodha ya viambato. Atafute maneno machache: hydroquinone, clobetasol, betamethasone, mercure. Asikoroge. Ajaribu kitu kipya sehemu ndogo ya ndani ya mkono na kusubiri siku mbili. Mteja aliyezoea kotikosteroidi asimwambie aache ghafla, kwani uso unaweza kuwaka na kuvimba. Amwelekeze kwa daktari.

Nasi wa idara za lugha tuna deni. Maneno yapo: asidi, besi, kimeng'enya, kihifadhi, mmenyuko, zebaki. Mengi yamo kwenye kamusi na vitabu vya Tanzania, lakini hayajafika saluni za Bukavu. Fundi anayesikia “produit dangereux” ameonywa tu, na onyo husahaulika mteja akisisitiza. Anayeambiwa kwa Kiswahili kwamba zebaki haivunjiki, na kwamba inaweza kutoka mkononi mwa mama hadi kinywani mwa mtoto, ana sababu ya kukataa, na maneno ya kumweleza mteja kwa nini anakataa.