Je, Wajua? Jino la Buddha na Mtawa Aliyechoma Sanamu

Je, wajua kwamba Buddha, alipokaribia kufa, aliwaambia watawa wake wasijishughulishe na maiti yake? Kwa mujibu wa maandiko ya Kipali, Ananda, mhudumu wake, alimuuliza mwili ufanyiwe nini. Akajibiwa kwamba hayo waachiwe waumini wa kawaida. Watawa wao wahangaikie wokovu wao wenyewe.

Wapi! Maandiko hayohayo yanasimulia kwamba baada ya maiti kuchomwa, watawala nusura wapigane wakigombea mifupa, mpaka Brahmini mmoja aitwaye Dona akaigawa mafungu 8.

Masalia ya Buddha yaliyo mashuhuri zaidi leo ni jino linaloaminika kuwa lake, lililohifadhiwa Kandy, Sri Lanka, ndani ya makasha yaliyoingizwa moja ndani ya jingine. Enzi za wafalme, aliyelishika jino ndiye aliyehesabiwa mtawala halali, kwa hiyo halikuwa jambo la ibada tupu. Kila mwaka, Julai au Agosti, tembo waliopambwa huandamana usiku mjini humo, mmoja akibeba kasha. Jino lenyewe halitoki hekaluni.

Huko China, wafuasi wa Chan (ndiyo Zen ya Wajapani) husimulia kisa cha mtawa Danxia, wa karne ya 8 na ya 9. Usiku wa baridi kali alichoma sanamu ya mti ya Buddha, aote moto. Alipokaripiwa, akasema anatafuta masalia matakatifu majivuni. “Mti una masalia gani?” akaulizwa. “Basi,” akajibu, “nipe na zile sanamu nyingine mbili.”