Sura ya 6: Jembe la Kutengeneza na Jembe la Kuacha

“Mchagua jembe si mkulima,” husema wazee wakimsuta mvivu anayesingizia zana. Methali hiyo haikatazi kukagua jembe. Kwenye vilima vya Mutaho, mkoani Gitega nchini Burundi, shamba hulimwa kwa mikono. Mvua za msimu A, msimu wa kwanza wa kilimo, zinapoanza mwezi Septemba, kaya nzima huingia shambani, na anayehangaika kutafuta jembe wiki hiyo amechelewa kupanda. Ndiyo maana uamuzi wa kutengeneza au kununua jipya hufanywa kiangazi, Julai na Agosti, kabla foleni haijajaa kwa fundi.

Anza kwa kutenganisha mpini na chuma. Mpini ni wa kuja na kwenda; ukivunjika, usilihukumu jembe. Mkaratusi wenye nyuzi zilizonyooka, uliokaushwa kivulini, unafaa. Mti mbichi husinyaa na jembe likacheza. Wengi hulitumbukiza majini ili mti uvimbe, lakini nyuzi zilizobanwa hivyo zikikauka hulegea kuliko mwanzo. Afadhali kabari.

Sasa kagua shingo, pale bamba linapoungana na tundu la mpini. Ninginiza jembe kwa kamba, uligonge kwa nyundo ndogo. Jembe zima hulia na mlio ukakawia kidogo. Lenye ufa hutoa sauti butu. Paka mafuta machafu, pangusa, kisha nyunyiza majivu: mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachora mstari. Ufa mfupi wa ukingoni husagwa ukaisha. Ufa wa shingoni ni habari nyingine, kwa sababu nguvu yote ya pigo hupita hapo. Ukiuchomelea, chuma kilicho kando ya mshono hupoa haraka na kubaki kigumu lakini chepesi kuvunjika. Jembe hilo laweza kukatika likiwa hewani, na bamba likamfikia anayelima pembeni. Hilo liache.

Shingo ikiwa salama, kagua makali. Pitisha tupa ukingoni. Iking'ata kwa shida, chuma bado kina ugumu, na kunoa kunatosha. Ikizama upesi, huenda jembe liliachwa motoni na ugumu ukatoka. Hapo mhunzi ana kazi. Chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.6, kama springi za lori ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki hufulia zana, hupashwa moto hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi, kikiwa chekundu, kisha huzimishwa, yaani hupozwa ghafla. Wakati huo ni kigumu mno, kikigonga jiwe kinameguka. Fundi husugua sehemu ndogo mpaka ing'ae, akalipasha jembe tena polepole huku akitazama rangi: njano iliyopauka, kahawia, zambarau, bluu. Patasi ya seremala huishia kwenye njano au kahawia, kwa sababu inahitaji makali. Jembe huachwa lifike bluu, karibu nyuzi 300, ili livumilie mawe.

Bamba lililolika hadi nusu halistahili gharama ya mhunzi kwa kulimia, lakini halijafa. Jembe fupi na jepesi ndilo zuri la kupalilia maharagwe, kwa kuwa halichimbi mizizi. Likiisha hapo, chuma chake hufuliwa kisu. Katika eneo la Maziwa Makuu, ambako chuma kimeyeyushwa kwa zaidi ya miaka 2,000, kupunguza zana kubwa kuwa ndogo ni sehemu ya kawaida ya kazi ya mhunzi.

Ukilazimika kununua, iwe jembe limetoka kiwandani au limevuka mpaka wa Kobero kutoka Tanzania, usidanganywe na rangi. Mwombe fundi aliguse kwenye jiwe la kusagia: chuma chenye kaboni ya kutosha hutoa cheche zinazopasuka matawi mengi, chuma laini hutoa mistari mirefu mitupu. Hicho cha pili hakipokei ugumu, hata kikipita kwa mhunzi hodari. Kwa mkasi wa kupogolea kahawa, ulizia kisu na springi za akiba. Kampuni ya Felco ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1945, huuza vipuri vya mikasi yake kimoja kimoja, na mwenye mkasi huo hubadilisha kisu kilichoisha, si mkasi mzima. Zana isiyo na kipuri wala chuma cha kufulika imeshakuamulia siku unayoilipia: ikiharibika, utanunua nyingine.