Chai ya Mkuu wa Idara

Nilifanya kazi ya uhasibu miaka kumi na moja katika ofisi moja ya umma. Kila asubuhi mwenzetu mmoja alimpelekea mkuu wa idara chai ya tangawizi, akambebea mkoba kutoka kwenye gari, na kikaoni akaitikia "kweli kabisa, mkuu" kabla sentensi haijaisha. Orodha ya safari ilipobandikwa, jina lake lilitangulia. Safari ni posho, na posho ndiyo ada ya mtoto.

Siku hizi vijana humwita mtu huyo chawa. Sisi tulisema anajikomba. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward E. Jones, aliandika kitabu kizima kuhusu tabia hii mwaka 1964. Alitaja kusifu, kukubaliana na kila neno, na kujionyesha mwema.

Tanzania ilipoanzisha OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, mwaka 2004, mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukubaliana malengo kwa maandishi, badala ya bosi kuandika tathmini yake kwa siri. Nilifurahi sana. Lakini aliyetoa alama alikuwa binadamu yule yule aliyeletewa chai.

Kinachoniuma hadi leo ni mama mmoja wa masjala, aliyejua kila faili lilipo bila kutazama daftari. Alimwambia mkuu, mbele yetu, kwamba hesabu ya mafuta hailingani na safari za magari. Alikuwa sahihi. Mwezi uliofuata alihamishiwa wilayani, na faili zikaanza kupotea.