Siku Mbili Mwanza: Ya Kuona na ya Kufanya

Kila muhula unapokaribia kwisha, hapa Sola huzuka maneno ya safari ya Mwanza. Wanafunzi huitamani, na wazazi hutazama mfuko. Mzazi mmoja aliwahi kuuliza mbele yetu, "Mtoto atoe fedha aende kutazama mawe, na huku kwetu mawe yako tele?" Swali hilo ni la haki, nami nataka kulijibu. Likizo nyingi mimi hukaa Mwanza kwa mjomba wangu. Tena nimo Kidato cha Nne. Safari hiyo ikifanywa mwakani sitakuwamo. Kwa hiyo naandika kwa faida ya wenzangu wanaobaki.

Jawabu langu ni hili: aendaye Mwanza bila mpango huona stendi na maduka, akarudi na mfuko mtupu. Aendaye kwa mpango hukuta huko habari za wazee wake mwenyewe.

Kutoka hapa twapita Bariadi hadi Lamadi, kisha twashika barabara ya Magu. Kabla ya kuingia mjini, shukeni Kisesa mwende Bujora, mahali pa makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni Padre David Clement, mtu wa Kanada. Mtaona ngoma za watemi, viti vyao, vyombo vya nyumbani, zana za uhunzi na dawa za waganga. Kanisa la pale ni la mviringo, mfano wa nyumba ya mtemi. Mwulizeni mwongozaji habari za Bagika na Bagalu, yaani vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu zamani. Kila mwaka, mnamo mwezi wa Juni, hufanyika hapo sherehe ya Bulabo, na wachezaji hucheza hata na nyoka wakubwa. Wengi wetu ni Wasukuma, lakini ni wangapi wanaoweza kueleza kazi ya kila ngoma ya mtemi?

Mkiendelea na barabara hiyo mtafika Igoma, na hapo nawaomba mshuke tena. Ndiko walikozikwa watu wengi waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996. Meli hiyo ilikuwa ya abiria 430, nayo ilichukua wengi kuliko kiasi chake. Watu waliokufa walikuwa mamia. Baada ya kupinduka ilielea kwa muda, kwa kuwa hewa ilibaki ndani yake. Waokoaji walipoitoboa ili wawatoe waliokuwamo, hewa ilitoka na meli ikazama. Hilo ni somo la fizikia ambalo hakuna atakayelisahau akiwa amesimama penye makaburi. Na msidhani ni habari za zamani tu. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Nacho kilikuwa cha watu 101. Basi mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, msipande, hata kama mmekwisha lipa nauli.

Sasa nije kwenye mawe. Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na miamba yenyewe ni ya itale. Zamani sana ilikuwa uji wa moto chini ya ardhi, ukapoa polepole ukawa jiwe gumu. Jiwe hilo lilipasuka-pasuka. Maji yakaingia katika nyufa, yakaozesha kingo, na mvua za miaka mingi zikachukua udongo. Kilichobaki ni mioyo ya mawe, yenye umbo la mviringo, mingine imekaa juu ya mingine kana kwamba imepangwa na mtu. Jiwe mashuhuri kuliko yote limesimama ndani ya maji karibu na kivuko cha Kamanga. Wajerumani, walioanzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892, waliliita Bismarck, kwa jina la waziri mkuu wao. Kulitazama kutoka ufukoni hakuna malipo. Hivyo ndivyo ninavyomjibu yule mzazi: mtoto akielewa jiwe la Mwanza, ataelewa na la kwao.

Siku ya pili nendeni Saanane. Ni kisiwa kidogo, dakika chache tu kwa mashua kutoka Capri Point, nacho kimepewa jina la mvuvi aliyekuwa akikaa huko. Mwaka 1964 paliwekwa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 pakawa Hifadhi ya Taifa. Mtaona swala, pimbi, kenge na ndege wengi. Yafaa mwalimu aulize kiingilio mapema, ili mchango wa kila mtoto ujulikane kabla ya safari.

Mkirudi nchi kavu, tembeleeni bandari na reli. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na mzigo wake mkubwa ulikuwa pamba. Pamba hiyo ililimwa na babu zetu. Wakulima walilalamika kwamba wanunuzi waliwapunja kwenye mizani, basi wakaweka wapimaji wao wenyewe, kisha wakajenga vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana Mwanza, kiongozi wao akiwa Paul Bomani, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Jambo hilo kubwa lilianza na watu waliojua kusoma mizani. Mwenzangu anayeona hesabu ni mzigo na alifikiri hilo.

Mwisho, fikeni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Dagaa na sangara mnaowaona hapo hupelekwa mbali, hata nje ya nchi. Ombeni ruhusa kwanza, kisha mwulize mfanyabiashara samaki wake wametoka wapi na wanakwenda wapi. Mkifanya hivyo na kwa watu watatu mtakuwa mmepata somo zima la jiografia.

Maonyo yangu ni matatu. Msiogelee ziwani, kwa sababu ya kichocho na mamba. Fedha zigawanyeni, zisikae mfuko mmoja. Na kila mmoja awe na daftari, aandike mambo kumi aliyoyauliza, si aliyoyanunua. Mwalimu ayasome darasani mkirudi.

Wazazi wetu wapendwa, hatuombi safari ya anasa. Chakula twaweza kubeba, na mengi niliyoyataja hayana gharama kubwa. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Basi waruhusuni wadogo zetu waende. Nao wakirudi, waulizeni ngoma ya mtemi ililia kwa sababu gani na mizani ilisomwaje.