Nguva na Neno "Samaki" katika Sheria za Maji ya Mpakani

Wavuvi wa pwani humtaja nguva pamoja na samaki, wala hapana la kushangaza katika desturi hiyo. Katika mazungumzo yao papa, taa, pomboo, nyangumi na nguva wote hutiwa katika kapu moja, kwa kuwa wote hukaa baharini na kuogelea. Elimu ya wanyama yaukataa mgawanyo huo. Nguva huzaa na kunyonyesha, huvuta hewa kwa mapafu, na chakula chake ni nyasi za baharini ziotazo penye maji ya kina kifupi. Na kwa asili, ndovu ni jamaa yake wa karibu kuliko nyangumi. Tofauti hiyo yaweza kudhaniwa kuwa ni shughuli ya watunga kamusi tu. Lakini sheria nazo hutungwa kwa maneno, na pale neno linapomweka mnyama ndipo ijulikanapo ni idara gani itakayomlinda.

Kenya humhesabu nguva miongoni mwa wanyama wa pori, kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Tanzania Bara humlinda kwa njia ya sheria ya uvuvi ya 2003 na kanuni zake, na Zanzibar ina sheria yake ya uvuvi, kwa kuwa uvuvi wa pwani si jambo la Muungano. Basi nguva akiogelea kutoka Vanga hata Moa, safari fupi kwake, amebadilika hali bila ya kujua: kule alikuwa mwenzake ndovu, huku yu mwenzake changu.

Mpaka wenyewe ulikubaliwa kwa barua zilizobadilishanwa baina ya serikali mbili hizo mwaka 1975 na 1976. Mapatano hayo yaliwakumbuka wavuvi wenyeji: wale wavuao kwa ajili ya riziki waliruhusiwa kuvua maili 12 za bahari kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Hayo yalikuwa maneno ya busara, yakijua kwamba watu wa pwani hiyo ni ndugu. Lakini kanuni zilizopo si moja, na kwa habari ya nguva hata daftari ziandikwamo si moja.

Sheria ya mataifa yasaidia kwa kiasi. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, katika kifungu cha 65, wazitaka nchi zishirikiane kuwahifadhi mamalia wa baharini. Ila kwa jamii ya nyangumi wataka zaidi, yaani kazi ifanywe kwa njia ya vyama vya mataifa vinavyohusika. Nyangumi wana tume yao tangu 1946, na mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi yao. Nguva hana tume ya namna hiyo. Anayo hati iliyotiwa saini Abu Dhabi mwaka 2007, chini ya Mkataba wa Bonn wa 1979 juu ya wanyama wahamao, na Kenya, Tanzania na Msumbiji zimo. Hati hiyo ni ya maelewano, haimfungi mtu. Kuiita "mkataba" ni kuipa nguvu isiyokuwa nayo.

Lakini kitenzi chaleta shida kubwa kuliko jina. Sheria hukataza kuvua, kuwinda na kuua, navyo ni vitenzi vyenye mtendaji. Nguva wa siku hizi aghalabu hawindwi. Hufa katika jarife, wavu wenye matundu makubwa utegwao usiku kucha kwa ajili ya papa na taa. Naye, asipoweza kupanda juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache, huzama akafa. Mvuvi husema, "Amenasa." Kitenzi hicho hakina mtendaji, na mvuvi hasemi uongo. Akiogopa kushitakiwa kwa mauti asiyoyakusudia, nyama hugawanywa kimya kimya, na habari ya kifo hupotea.

Hasara hiyo si ndogo. Mwaka 2022 nguva wa Afrika ya Mashariki waliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wazima hawafiki 250, na wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji. Jike huchukua mimba zaidi ya mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadha kabla ya kuzaa tena.

Tangu 2021 lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Za Kenya bado hutungwa kwa Kiingereza, na za Msumbiji kwa Kireno. Hapo wafasiri wana kazi. Wengine huandika "samaki wasiokusudiwa", msemo unaomrudisha nguva katika kapu lile lile. "Kiumbe asiyekusudiwa" ni afadhali. Lililo bora zaidi ni kifungu kinachoanza na wavu wala si na nia: nguva akinasa, mwenye wavu, awe amekusudia au hakukusudia, atamfungua akiwa hai, akiwa amekufa atatoa habari, wala hataadhibiwa kwa kuitoa. Na kwa kuwa wavu waweza kuwa wa mtu wa Vanga, nao umetegwa upande wa Moa, kifungu hicho kitaje pia ni afisi gani ipelekewe habari, na kiandikwe kwa maneno yale yale pande zote mbili za mpaka.