Kenya na Tanzania: Nani Anawekeza Zaidi?

Katika miaka ya karibuni, kati ya kila shilingi 100 za Pato la Taifa, Tanzania imekuwa ikitumia takriban 40 kujenga au kununua mali za kudumu: majengo, barabara, mitambo, magari ya kazi. Kenya, yenye uchumi mkubwa kuliko wote katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hutumia kama nusu ya kiwango hicho. Ni rahisi kuhitimisha kwamba wafanyabiashara wa Tanzania wanawekeza maradufu ya wenzao wa Kenya. Takwimu hizo hazisemi hivyo.

Wanatakwimu huita matumizi haya ukuzaji rasilimali, na mifano yake imejaa Arusha. Gari la safari likinunuliwa na kampuni ya utalii linahesabiwa. Lilelile likinunuliwa kwa matembezi ya familia halimo. Mibuni inayopandwa kwenye miteremko ya Mlima Meru imo, maana itazaa miaka mingi, na ng'ombe wa maziwa vivyo hivyo. Mahindi ya msimu hayamo. Nyumba inayojengwa Moshono au Usa River imo, hata kama fundi amelipwa taslimu. Bei ya kiwanja haimo, kwa sababu ardhi ilikuwepo tangu zamani na imebadili mwenyewe tu.

Swali la kwanza, basi, ni nani aliyejenga. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ni mradi wa Serikali. Mitambo ya upepo ya Turkana, megawati 310, ilijengwa na kampuni binafsi inayoliuzia umeme shirika la Kenya Power. Yote miwili ni miradi ya umeme, ila mmoja unaingia safu ya umma na mwingine safu ya binafsi. Tofauti hii ina historia: Februari 1967 Azimio la Arusha liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, huku Kenya ikiendelea kuutegemea zaidi mtaji binafsi.

Swali la pili ni kama kilichojengwa bado kinafanya kazi. Takwimu tunazozisikia mara nyingi ni ghafi, yaani hazijaondoa uchakavu. Mitambo ya kiwanda cha matairi cha General Tyre hapa Arusha ilikuwa uwekezaji pale iliponunuliwa. Uzalishaji uliposimama mwaka 2009, hakuna kilichopunguzwa katika takwimu za miaka ya nyuma.

La tatu ni fedha zimetoka wapi. Ukilinganisha na Pato la Taifa, mikopo ya benki kwa sekta binafsi Kenya imekuwa karibu mara mbili ya Tanzania. Mtanzania wa kipato cha kati hujenga kwa akiba yake, tofali kwa tofali, na fedha zake zinaweza kulala miaka katika nyumba isiyoezekwa. Uwekezaji huo ni wa kweli, na familia itapata makazi. Lakini karakana inayokopa leo ikanunua mashine inaanza kuajiri mwezi ujao. Shilingi milioni 50 za nyumba na milioni 50 za mashine zinalingana kwenye jedwali. Hazilingani kwa ajira zinazozaa.

Hapa Arusha ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya. Sekretarieti yake ina nafasi nzuri ya kuzihimiza ofisi za takwimu za nchi wanachama zitoe jedwali la namna moja: binafsi na umma, nyumba na mitambo, kabla na baada ya uchakavu. Jedwali hilo litamwonyesha mkulima wa Meru, mwenye kampuni ya utalii na ofisa mikopo mahali mtaji unapokosekana. Cheo cha kuongoza kwa asilimia, bila maelezo hayo, hakimsaidii yeyote kati yao kuamua.