Shore Akiibiwa Mayai

Kiota cha shore kilichofichwa kwenye bogenvilia juzi kilikuwa na mayai mawili ya rangi ya waridi yenye madoa mekundu, na leo ni kitupu. Usimsingizie paka haraka. Katika miji ya pwani yetu mshukiwa wa kwanza ni kunguru wa India, yule mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka. Alizila kweli, ila hakuishia hapo. Leo amejaa Dar es Salaam na Mombasa, na mayai na makinda ya ndege wadogo ni sehemu ya riziki yake. Hutua juu ya paa akatazama tu. Mzazi akiingia kichakani mara kwa mara na mdudu mdomoni, siri imefichuka.

Nyoka naye yumo. Kuna mmoja asiyekula kitu kingine ila mayai: humeza yai zima, hulipasua kooni kwa mifupa ya uti wa mgongo, kisha hutema ganda. Fundi wa aina yake!

Mwaka 1949 Alexander Skutch, Mmarekani aliyechunguza ndege Costa Rica, alitoa hoja kwamba ndege wa nchi za joto hutaga mayai machache kwa sababu safari nyingi za kulisha makinda huwaonyesha adui njia. Wataalamu wameibishia hoja hiyo, lakini kwa shore naiona ina uzito. Yeye hutaga mayai mawili au matatu, wakati ndege aitwaye robin kule Uingereza hutaga manne hadi sita. Hasara ya kila uvamizi inakuwa ndogo, na kwa kuwa msimu wetu wa kuzaliana ni mrefu, nafasi ya kujaribu tena ipo.

Mayai yanapogusa tumbo la jike anayeatamia, mwili wake huendelea kutoa homoni ya prolaktini. Yakiibwa, homoni hiyo hushuka na viini vipya huanza kukua ndani yake. Baada ya siku chache anaweza kuwa anajenga tena, mara nyingi kwenye kichaka kingine, kisha anataga yai moja kwa siku. Kupoteza mayai mabichi si pigo kubwa. Pigo ni kupoteza makinda yanayokaribia kuruka, maana kuatamia huchukua kama wiki mbili na kulisha karibu muda uleule.

Wengi huamini kwamba kinda likiguswa na mtu, mama hulikataa. Si kweli; likianguka, lirudishe kiotani. Kinachodhuru ni kwenda kuchungulia kila siku na kupangua majani yanayokificha kiota. Kwa hiyo ahirisha kukata ua hadi makinda yaruke, na pipa la taka lifunikwe: jalala lililo wazi ndilo linalomweka kunguru mtaani kwako.